Pengo la Kijitoni

Sunnuva Hentze hakuwa mtu wa kutulia. Tangu usichana wake, kila Oktoba alipanda mlima na wanakijiji wenzake kuwashusha kondoo zizini, na katika visiwa vyetu vya Faroe wachache walimshinda mbio. Akiwa na miaka hamsini na mbili, akimfukuza kondoo mmoja mkaidi, aliteleza kwenye majani mabichi akabiringika hadi mwambani. Nyonga ikachomoka.

Hospitalini waliirudisha. Lakini alipouamuru wayo wa kulia uinuke, haukunyanyuka. Ulining'inia tu.

“Neva kubwa ya nyongani imevutika,” daktari alimwambia. “Ikipona, itaota milimita moja kwa siku.”

Sunnuva akapima kwa macho kutoka nyonga hadi muundi. Mwaka na nusu, au zaidi.

Nyumbani hakukalika. Alifuma sweta, akaifumua, akaifuma tena. Alizunguka jikoni akiinua goti juu ili vidole visikwaruze sakafu, na kila hatua wayo ukaanguka pwaa. Usiku mguu uliwaka moto. Mumewe, Hanus, alimficha buti.

“Kaa basi, mke wangu. Unanichosha hata mimi.”

“Wewe umechoka na nini? Umekaa.”

Oktoba iliyofuata alitazama dirishani watu wakipanda. Akavumilia saa moja. Kisha akazitoa buti nyuma ya pipa la viazi, akavaa bamba la plastiki la kushikilia wayo, akachukua fimbo na kwenda kijitoni, kwenye pengo ambalo kondoo hutorokea na hakuna aliyewekwa kulilinda.

Kondoo wakamjia kwa kasi. Kukimbia hakuweza. Alitanua mikono, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wakageuka wote, isipokuwa kondoo dume mmoja aliyempita ubavuni.

Hanus alifika akihema. “Nani kakuweka hapa?”

“Palikuwa wazi.”

“Na kama ungeanguka?”

“Ningeanguka. Nyumbani nimeshaanguka mara nne, tena kwenye zulia.”

Hanus akamshika mkono, wakashuka polepole.

Tangu siku hiyo pengo likawa lake. Miaka miwili ilipotimia, wayo uliinuka upana wa kidole, ukakomea hapo. Daktari akashauri apasuliwe, kano ya upande wa ndani wa mguu ihamishiwe mbele iubebe wayo.

“Mnaweza kunipasua Novemba?” Sunnuva aliuliza. “Oktoba nina kazi.”

Walimpasua Novemba. Mguu ulipopona fimbo aliiacha, lakini mbio hazikurudi.