Makaa Chini ya Jiwe la Mpaka

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kadastri, yaani ya upimaji wa ardhi, hapa Bujumbura, sikupewa darubini ya kupimia. Mkuu wa kikosi cha upimaji alinikabidhi koleo na debe la makaa. "Jiwe unalipanda mwisho," aliniambia. "Kwanza unazika mashahidi."

Mashahidi ni makaa na vigae vya chungu vinavyofukiwa chini ya jiwe la mpaka. Mwizi huhamisha jiwe. Hakumbuki kilicho chini yake, na makaa hayaozi. Mpimaji akifukua, anajua mpaka ulipita hapo. Mengi ya kazi hii nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya Kifaransa na kamusi, chumbani kwangu Nyakabiga. Hili la mashahidi nilifundishwa kwa koleo.

Baadaye nilitumwa milimani, kwenye mpaka wa komini mbili, yaani tarafa mbili, kila moja na utawala na mahakama yake. Sheria ilisema mpaka unafuata kijito. Kwa kuwa vijito huhama, tulipanda mawe kwenye ukingo wake, na mashahidi chini, ili njia ya maji ya siku ile ibaki ikijulikana.

Miaka ikapita. Mvua kubwa ikaporomosha mlima, na kijito kikahamia upande wa pili wa shamba la mjane, Mama Pelajia: kahawa, migomba na kaburi la mumewe. Tajiri mmoja wa komini ya jirani hakungoja hata matope yakauke. Kwa kuwa shamba lile sasa lilionekana kuwa upande wake wa maji, alijipatia hati yake kwenye komini yake. Mama Pelajia alipokwenda mahakama ya kwao, aliambiwa shamba liko ng'ambo. Alipokwenda ya ng'ambo, alionyeshwa hati.

Mkuu wangu mpya alinituma kuthibitisha mpaka. Jiwe lilikuwa limeng'olewa. Nilipima mahali pake, nikafukua mbele ya wakazi wa kilima kile na administrateri, mkuu wa komini ya jirani. Makaa yakatoka, na vigae.

"Si munaona!" Mama Pelajia alipaza sauti. "Mulisema mi ni mwenda wazimu!"

Administrateri akatabasamu. "Mama, hapa kulikuwa jikoni ya mutu. Makaa iko kila mahali."

"Jikoni pembeni ya mto wenye kufurika, muheshimiwa? Walikuwa wanapika wamevaa maboti ya mvua?"

Watu walicheka. Yeye aliingia garini.

Ofisini, mkuu wangu aliisoma ripoti yangu akiwa amesimama. "Andika kwamba mpaka haukuonekana."

"Shefu, umeonekana."

"We unataka pensheni ao unataka makaa?"

Sikuandika. Mwenzangu aliandika, shamba likabaki kwa tajiri, nami nikapelekwa stoo kulinda vyombo ambavyo sikuruhusiwa tena kuvigusa, hadi nikastaafu. Niliondoka na koleo langu tu.

Nina hasira, na sitaki kutulizwa. Vijana wanaopima kwa setilaiti huniambia kwamba dhuluma za zamani zilitokana na vyombo duni. Si kweli. Vipimo vyetu vilikuwa sawa. Walioiba waliijua njia ya kijito kama mimi, na walikaa mezani wakaiandika upya.

Kisha ikaja sheria mpya ya kuunganisha komini. Zile mbili sasa ni moja. Mama Pelajia, ambaye siku hizi analima shamba la kukodi Kanyosha, alikuja kwangu amevaa kitenge chake cha kanisani. Alikuwa na furaha, na furaha ile iliniuma kuliko kilio.

"Baba, mupaka imekufa. Walinitoa kwa sababu ya mupaka. Sasa narudi, apana?"

Nilimweleza kwamba sheria imefuta mpaka, lakini haikufuta hati.

"Na tribinali, zile mahakama?" aliuliza. "Zilikuwa mbili."

"Sasa ni moja, Mama."

"Moja ya sisi wote? Mimi na ule tajiri?"

"Ya ninyi wote."

Alikaza kitenge chake, akainuka. "Basi hawana tena ng'ambo ya kunituma. Tutafukua makaa mbele yao, waone ile hati ilitolewa na komini isiyo yetu. Baba, ile koleo yako ingali iko?"

Nilikwenda kulichukua.