Paa Nililolimaliza Chovai

Kuna siku moja naikumbuka kila mvua ya kwanza ya kusi inaponyesha, mwanangu, hata huku Mombasa tulikokimbilia. Vita vilikuwa vimefika Kismayo, nasi wa kisiwani Chovai, kusini mwake, tulikuwa tukihama. Mama alikuwa amevimba miguu, pumzi haimtoshi, na daktari aliyefikika alikuwa ng'ambo ya mpaka, Kenya. Petroli haikuwepo. Mashua ya mjomba ilitegemea tanga, na ni upepo wa kaskazi tu ambao ungetusukuma hadi huko.

Mimi nilikuwa juu ya nyumba, naezeka makuti mapya. Sikutaka tuiache nyumba ya mama ikivuja.

"Shuka!" mjomba akaniita. "Waezekea nani? Popo?"

"Zimebaki siku kumi, mjomba. Nimehesabu tangu Nairuzi, siku ya mwaka. Kusi bado."

"Hesabu yako haina macho. Huku chini kaskazi yakupuliza mgongoni, lakini tazama mawingu: yashageuka, yaenda Kismayo. Upepo waanza kugeuka kule juu. Siku mbili tatu utakuwa hapa."

Mama, ameketi mlangoni, akacheka mpaka akakohoa. "Mwache, kakangu. Wenye bunduki wakija, walale pakavu."

Hata hilo halikunishusha. Mama hakutaka kuondoka bila mimi, na mjomba naye hakuweza kumwacha dada yake.

Siku ya tatu nikafunga kuti la mwisho. Alfajiri iliyofuata kusi ikaingia na mvua yake. Tulitoka mara mbili, na mara mbili bahari ikaturudisha, mama ameloa, anatetemeka. Kusi huvuma kwa miezi. Mwezi wa tatu wa kusi haukwisha, mama akafariki kitandani mwake, chini ya paa lisilovuja hata tone. Mjomba hakunilaumu. Alinipa jembe, tukachimba.

Mwanangu, sikukatazi kuipenda nyumba yako. Nakuomba hivi: anayejua akikwambia hali imegeuka, usingoje mpaka uihisi mwilini mwako, maana hapo umeshachelewa. Mshike mgonjwa wako mkono, muondoke. Chungu kibaki jikoni, mlango ubaki wazi. Mimi nilimtunzia mama nyumba, nikamnyima daktari, na nilidhani huko ndiko kumpenda.

Mola akupe sikio la kusikia mapema, akufikishe salama wewe na wote unaowabeba, na asikuonjeshe jembe lile. Amina.