Mama Aliposimama Kwenye Treni ya Uwanja wa Ndege

Leo mama yangu amenyamazisha behewa zima.

Tulikuwa tunamsindikiza dada yangu Kendi uwanja wa ndege, anaenda kazi Qatar. Kwetu Kianjai hakuna reli, kwa hivyo mama hajawahi kupanda treni.

Treni ikaanza kutembea. Mama akasimama.

"Mbona tunaenda na hatujaomba?"

Nikatamani kuingia chini ya kiti. Watu wa Nairobi na simu zao, waombe? (Wewe ungefanya nini?)

Aki simu zikashuka. Wazee wakavua kofia. Dada mmoja wa buibui akafungua viganja.

Mama akaomba: "Mungu, huyu mtoto namfikisha mahali reli inaishia. Kutoka hapo, mshike wewe."

"Amina!" Behewa zima!

Kendi, ambaye hakuwa amelia tangu nyumbani, ndiye pekee aliyeshindwa kuitikia kwa kilio.