Msalaba Usoni mwa Mkubwa

Juma lililopita nilikuwa katika ofisi moja hapa Iringa nikisubiri muhuri, tukaitwa wote kutazama filamu ya kilimo cha mpunga Usangu. Fundi anayeiunganisha alituonya mapema: "Hii ni nakala ya kazi tu, hafifu, ya kukatakata. Ile halisi yenye rangi iko kabatini, haiguswi mpaka mwisho."

Projekta ikanguruma. Mpunga ukapita, ng'ombe wakapita, kisha akatokea mkubwa wa ofisi mwenyewe akihutubia wakulima. Usoni pake palichorwa msalaba mweusi wa kalamu ya nta.

Mkubwa akasimama. Nilidhani atafoka. Alishika mgongo wa kiti, akauliza kwa sauti ndogo, "Nani amewaambia mnifute? Barua imeshatoka huko juu?"

Fundi akawahi kuizima projekta. "Hapana, mzee! Ni alama yetu ya kuondoa kipande. Kofia ilikuziba uso, basi."

"Na kwenye ile halisi?"

"Halisi inafuata hii, mzee. Tukikata hapa, na kule tunakata."

Fundi akaichomoa filamu, akaufuta msalaba kwa mkono wa shati, picha moja moja, jasho likimtiririka.

Basi filamu ikija kuonyeshwa hapa mtaani Kihesa, mtaona kofia ikihutubia muda mrefu, tena kwa rangi safi kabisa. Msicheke. Mimi niliyekuwepo niliondoka bila muhuri, na mpaka leo sijathubutu kuufuata.