Mpima Dunia na Mto

Bwana Vipimo, mwana wa fundi saa aliyezinyamazisha saa zote za mtaa, mjukuu wa mpima viwanja aliyegombanisha koo mbili kwa upana wa unyayo, ndiye huyo anayetunga maktaba ya kompyuta. Msidhani ni ya vitabu. Ni rundo la hesabu ambazo programu nyingine huziazima ili zijue kutoka hapa hadi pale ni mbali kiasi gani. Vidole vyake laini hupapasa vibonye kama anayechambua mchele, na kila akiongeza tarakimu baada ya nukta ya desimali hukohoa kidogo, mithili ya mtu aliyesifiwa mbele za watu. Dunia nzima ameizunguka akiwa kitini. Dukani hutumwa mkewe.

Asubuhi moja dada yake, muuguzi wa zahanati, akampigia simu. Gari la chanjo lilikuwa likiongozwa na programu iliyoazima hesabu zake.

"Kaka, kina mama wamejaa barazani na watoto mgongoni. Barafu ya chanjo itayeyuka. Gari liko wapi?"

"Limeshafika, dada. Mita mia nne tu."

"Mia nne za kunguru anayeruka hizo. Liko ng'ambo ya mto, na kuzungukia darajani ni mwendo wa nusu siku."

Akapima upya. Jibu likatoka lile lile, naye akafarijika sana.

"Hesabu haina kosa," akasema. "Mwambie dereva avue viatu."