Upande wa Pili wa Chiriku

Wewe uliyelelewa karibu na reli utanielewa nikisema treni ni kama jirani. Ukishamzoea humsikii, akihama ndipo unashtuka.

Mjukuu wangu Rehema ana ugonjwa wa vichwa vya treni. Si vile vikubwa vya kwenda Kigoma, wala hii treni mpya ya umeme inayopita Kilosa kama mtu aliyesahau kusalimia. Yeye anatafuta vidogo, vya viwandani na mashambani, ambavyo kazi yake ilikuwa kusukuma mabehewa mawili matatu kutoka hapa hadi pale. Anafanya kazi Morogoro, lakini siku ya mapumziko utamkuta uani kwa watu, kalala kifudifudi kwenye mbigili, anapiga picha chuma kilicholiwa na kutu. Wako wengi, wana kundi lao kwenye simu. Wanaulizana kile cha pale bado kipo, au wamekikata?

Jioni moja tunakula mlenda akaniuliza, "Bibi, shamba la mkonge la kwenu lilikuwa na viberenge vingapi?"

Nikamwambia vitatu. Mzee Tumbo, Bi Harusi na Chiriku.

"Chiriku kilikuwa cha nani?"

"Cha baba yangu. Yaani ndicho alichokuwa anaendesha."

Akaacha kula. Nami nikaanza kusema, na nikianza sijui kunyamaza.

Nililelewa na bibi mzaa mama. Mama aliachika, akaolewa Kilangali, na baba akabaki kambini kwa wafanyakazi wa shamba, na mke mwingine. Nyumba ya bibi ilikuwa upande huu wa reli ndogo, mkonge upande ule. Hewa ya kwetu ilinuka makapi ya mkonge yaliyochacha, harufu chungu inayokaa kwenye nguo hata ukizifua. Asubuhi nilichota maji, nikamenya mihogo, nikamsaidia bibi kukoroga togwa ya kuwauzia wakataji. Halafu nikasikia honi nyembamba, pii pii, kama ndege. Hapo hata kama nina kata kichwani nilikimbia.

Tulikuwa mimi, Mwanahawa, Tausi, na Asumta ambaye baba yake alitoka Vidunda. Tulisimama kwenye kichuguu na kujiuliza mambo. Kiberenge kinalala wapi? Kikinywa dizeli hakiumwi tumbo? Kwa nini kinalia kikifika kwenye daraja, kinaona nini mle chini? Tausi alisema ndani mna kiti cha enzi. Tulitaka kwenda upande wa pili tukachungulie, lakini bibi alikuwa na neno lake: "Reli haina shangazi." Maana yake ikikukata hakuna wa kukuombea msamaha. Hatukuvuka hata siku moja.

Kiberenge kikipita tulipunga mikono. Utingo, Sefu, alitupungia kila mara, meno yote nje. Baba hakupunga. Asubuhi kikienda na vitoroli vitupu, hakupunga. Alasiri kikirudi na mzigo, hakupunga. Nilikuwa naona kofia yake tu, ncha yake, ikipita nyuma ya Sefu.

Wenzangu walinitania. "Baba yako anaringa, kapata mtoto mwingine." Mwanahawa alikuwa akivimbisha mashavu na kuinua kidevu, anapita mbele yangu bila kuniangalia, wote wanacheka. Nami nilicheka, ungefanyaje? Lakini nilipoolewa, na nilipozaa, na hata baba alipofariki, swali lilikuwa palepale. Alikuwa ananiona?

Rehema alinisikiliza mpaka mwisho. Akachukua simu, akaandika kwenye lile kundi lao. Siku chache baadaye akaja na picha ya giza giza. "Bibi, hiki kiko Mikumi, nyuma ya mashine ya kusaga. Ndicho?"

Nilitazama chini ya mlango. Ngazi ya upande wa utingo ilipovunjika, mafundi walichomelea kipande cha reli mahali pake. Kipande kilikuwepo, kimepinda vilevile. Nikasema, twende kesho.

Mwenye mashine alitupokea na unga hadi kwenye kope. Aliniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba, lakini kamera ilimtia wasiwasi.

"Mama, nyie ndio wa fidia?"

"Fidia ya nini, mwanangu?"

"Sijui. Siku hizi ukiona mtu anapiga picha, nyumba inawekewa alama ya msalaba, ibomolewe."

Rehema akamweleza kwamba yeye anapenda tu viberenge. Yule bwana akamtazama, akanitazama. "Anapenda," akasema. "Na ameolewa?"

"Bado," nikamjibu.

"Basi ndiyo sababu."

Tukacheka, akatupeleka uani. Injini alishaitoa, ndiyo iliyokuwa ikimzungushia mashine miaka ya mwanzo. Lakini bodi lilikuwa zima, lile boksi refu la mbele na kibanda nyuma yake. Kuku walikuwa wanatagia ndani. Rehema akaanza kazi yake. Hawa wapiga picha wana sheria, picha ya upande mmoja haihesabiki, lazima uzunguke pande zote. Akapiga upande wa ngazi iliyochomelewa, akapiga mbele, kisha akapotelea kule nyuma.

"Bibi, njoo uone huku."

Hapo ndipo niliposhtuka. Upande ule sijauona maishani mwangu. Chiriku nilimjua nusu tu, upande ule wa kushoto, asubuhi na alasiri.

"Kwani kikirudi hakigeuki?" nikauliza.

"Kigeukie wapi? Kinaenda mbele, kinarudi kinyumenyume. Dereva anakaa kulia siku zote."

Nikashika chuma. Rehema akasema nitaanguka. Nikamwambia nikianguka, niangukie ndani. Mwenye mashine akanisukuma mgongoni kama gunia la mahindi, kuku wakatoka kwa matusi, nikakaa.

Hakuna kiti cha enzi. Ni ubao na turubai. Mbele niliona lile boksi, kubwa, limefunika nusu ya dunia. Nikamwomba mwenye mashine akae upande wa kushoto, mahali pa Sefu. Akajaa pale. Nikamwambia Rehema aende kusimama kando upande huohuo, umbali wa kile kichuguu chetu, anipungie.

"Bibi! Unaniona?"

Sikumwona. Mbele chuma, kushoto bega la mtu mwenye unga. Nilimsikia tu, na kama injini ingekuwa inanguruma nisingemsikia.

"Anapunga?" nikamwuliza mwenye mashine.

"Anapunga kwelikweli. Mikono miwili."

Sitakudanganya kwamba roho ilitulia yote. Baba angeweza kuinama. Angeweza kumwuliza Sefu, unampungia nani kila siku? Angeweza kuja kwetu Ijumaa moja akitoka msikitini. Hayo hakuyafanya, na boksi la chuma haliyafuniki. Lakini kuniona na kunipita hivihivi, hilo nimelitoa kwenye hesabu yake.

Leo ukienda kwetu hutakuta reli, ilishang'olewa. Palipokuwa mkonge pana mahindi, na ng'ombe wa wafugaji waliohamia. Sefu alishakufa, Tausi pia. Mwanahawa yuko Berega kwa mwanawe, macho hayaoni vizuri. Nitamwambia nikimfikia.

Kabla sijashuka nilimwomba Rehema aje apige picha moja kutoka pale kwenye kiti, kwa kimo changu, kuelekea kushoto. Akaniambia haitatoka kitu, nikamwambia apige hivyo hivyo. Ameniwekea kwenye fremu, iko ukutani juu ya kitanda changu. Wageni huuliza ni picha ya nini, maana wanaona chuma na bega tu. Nawaambia nipo humo, upande wa kule.