Mechi Iliyohamishiwa Wiki ya Soya

Mume wangu Arlen Kucera ana miaka sitini na minane, na kama kuna mtu mkaidi kumzidi katika upande huu wa Nebraska, basi ni kaka yake Milo. Nimeolewa katika ukoo huo miaka arobaini na mmoja sasa. Nina haki ya kusema.

Kila mji huku una shule moja ya sekondari, kila shule ina timu ya mpira wetu wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu, na kila timu ina adui wake. Adui wa Brezno, mji wetu, ni Talbert, maili tisa kutoka hapa. Mechi yao ilikuwa ikichezwa Ijumaa ya mwisho ya Oktoba tangu kabla sijazaliwa, kwa sababu ambayo hata mtoto anaijua: wakati huo soya imekwisha kuvunwa, na watu wana nafasi ya kuchukiana kwa utulivu.

Kazi ya Arlen kwenye mechi hiyo ni mnyororo. Timu ikisogeza mpira yadi kumi inaendelea kushambulia, isiposogeza inanyang'anywa. Watu wakibishana, mnyororo wa yadi kumi huingizwa uwanjani kupima, mtu mmoja kila ncha na nguzo yake. Siku ya Brezno na Talbert hakuna anayemwamini mwenzake, kwa hiyo kila mji hutoa mshika nguzo wake. Wetu ni Arlen. Wa Talbert ni Milo, aliyeoa huko.

Ndugu hawa waliacha kusemezana siku tuliyomzika baba yao, miaka ishirini na sita iliyopita. Mtu aliacha lango la zizi wazi, ng'ombe wakamwagika barabarani mbele ya gari la maiti, na kila mmoja akasema ni mwenzake. Lango, jamani! Tangu hapo wanaonana mara moja tu kwa mwaka, kila mtu kwenye ncha yake ya mnyororo, bila hata kuamkiana. Arlen hasemi kitu, lakini siku hiyo hunyoa ndevu mara mbili. Mimi si kipofu.

Basi mwaka juzi wakubwa wa chama cha michezo wakapanga upya makundi, na mechi yetu ikatupwa Ijumaa ya kwanza ya Oktoba. Katikati ya mavuno!

"Hivi hawa watu wamewahi kuona soya, au wanaijua ya kwenye kopo tu?" Arlen akauliza, uso umemwiva. "LaVonne, andika barua. Mwandiko wako unasomeka."

Niliandika kurasa tatu. Hakuna aliyejibu.

Ijumaa yenyewe ikafika, na utabiri ukasema mvua kesho yake alasiri. Sisi tulikuwa na soya iliyokauka kabisa shambani. Soya ya namna hiyo ikinyeshewa, maganda hupasuka na punje huishia chini.

"Siendi," Arlen akasema. "Nguzo ashike yeyote."

"Na Milo?"

"Milo ni mkulima kama mimi. Haendi. Hajawa mjinga kiasi hicho."

"Umejuaje, na wewe huongei naye?"

Akawasha kombaini, mashine yetu ya kuvunia, ili asinisikie.

Saa moja jioni nikampelekea sandwichi za nyama shambani. Tulikula tumeegemea pikapu, redio ikiwa imefunguliwa, na mtangazaji wetu Duane alikuwa ameshaanza.

"Jamani, leo mnyororo una kasheshe! Milo Kucera wa Talbert ameshika nguzo yake, lakini ya Brezno imelala chini. Mchungaji wetu wa kanisa alitaka kuiokota, Milo kamkatalia. Anasema ina mwenyewe!"

Arlen akaacha kutafuna.

"Mpumbavu yule," akasema polepole. "Amekuja."

"Amekuja, ndiyo. Na wewe uko hapa unakula sandwichi."

Alipanda pikapu na vumbi lake lote. Tulifika katikati ya mchezo. Nikajibana kwenye uzio, karibu kabisa na mstari, ili nisikie.

Milo hakugeuka. "Umechelewa, bwana mdogo."

"Nina soya, kaka."

"Imebaki kiasi gani?"

"Ekari mia na ishirini."

"Na mvua ni kesho saa tisa."

"Najua mvua ni saa ngapi, Milo!"

"Basi okota nguzo yako. Watu wanasubiri."

Miaka ishirini na sita, na hayo ndiyo waliyopata kusema. Nililia kwa hasira, na kwa furaha pia. Na juu ya hayo, timu yetu ikafungwa.

Kesho yake saa mbili asubuhi Milo aliingia uani kwetu na kombaini yake, baada ya kujikokota barabarani kwa saa nzima.

"Yangu ilikwisha jana mchana," akasema. "Nimebakiwa na mahindi, na mahindi hayaogopi mvua."

Lakini soya haivunwi ikiwa na umande, na umande haukauki kabla ya saa nne. Kwa hiyo walikaa jikoni kwangu kwa muda wa saa mbili, wakaongea habari za magoti yao, mikanda ya mashine, na umande wenyewe. Niliwamiminia kahawa mara tano nikingoja lango litajwe. Halikutajwa. Kisha wakaenda kuvuna bega kwa bega, na mvua ikawakuta zimebaki ekari nane.

Februari ikaja barua. Chama kimepokea malalamiko yangu, kimeyazingatia, na mechi inarudi Ijumaa ya mwisho ya Oktoba. Nikamsomea Arlen nikidhani atashangilia. Akaenda kwenye kalenda ukutani, akafunua mpaka Oktoba.

"Wakati huo soya itakuwa imekwisha," akasema.

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Sasa Milo atakuja lini?"

Simu iko pale pale chini ya kalenda. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaitazama, akavaa kofia, akatoka kwenda kulisha ng'ombe. Dirishani nilimwona akifunga lango, akienda hatua chache, kisha akirudi kulitikisa kuhakikisha, kama anavyofanya kila siku tangu tumzike baba yake.

Nikaketi, nikatafuta kalamu. "Waheshimiwa," nikaandika, "kuhusu barua yangu ya kwanza, naomba mnisamehe."